Kamera ya Zamani: Amua Kabla Hujashika Bisibisi

Anayekusanya kamera za zamani anataka kifaa kibaki kama kilivyotoka kiwandani. Anayepiga picha nazo anataka filamu itoke na picha. Mimi nafanya yote mawili, na kamera nyingi nilizoziona zimeharibika ziliharibiwa na mtu aliyeanza kuzifungua kabla hajajua anazitakia nini. Kuifanya kamera ifanye kazi tena mara nyingi huondoa kitu cha awali: sponji za kuzuia mwanga usipenye, ngozi ya nje, pengine hata rangi. Mpigaji hapotezi chochote hapo. Mkusanyaji akikosa kitu hicho, hakirudi tena.

Kamera ikifika mkononi, usiharakie kufungua mgongo. Zungusha taratibu kitufe cha kurudishia filamu, kufuata mshale wake. Kikikaza, kuna filamu ndani. Irudishe yote kwenye kopo lake ndipo ufungue. Filamu zilizosahauliwa, hasa za nyeusi na nyeupe, zinaweza kusafishwa hata baada ya miaka mingi zikatoa sura za watu. Ukikuta Kodachrome, filamu ya rangi ya Kodak, usitegemee rangi zake. Maabara ya mwisho iliyokuwa ikiisafisha kwa dawa zake yenyewe, Dwayne's Photo ya Parsons, Kansas, ilifunga kazi hiyo mwishoni mwa 2010, na siku hizi husafishwa kama nyeusi na nyeupe tu.

Sasa jiulize: kamera kama hii zilitengenezwa ngapi? Pentax K1000 ilitengenezwa tangu 1976 hadi 1997, na zilitoka mamilioni. Ukiibadilishia ngozi, dunia haijapungukiwa kitu. Kamera ya namna hiyo nasema itumie, tena itumie sana. Ncha ya pili ni Leica 0-Series, zile chache za majaribio zilizotangulia Leica ya kwanza kuuzwa madukani mwaka 1925. Moja iliyokuwa ya Oskar Barnack mwenyewe, aliyeibuni, iliuzwa mnadani mwaka 2022 kwa euro milioni 14.4. Hiyo hakuna wa kuigusa kwa bisibisi.

Nyingi ziko katikati, na hapo angalia filamu. Filamu ya saizi inayoitwa 120 ilianza 1901 na bado inatengenezwa, kwa hiyo Rolleiflex ya miaka ya 1950 inapiga leo bila taabu. Brownie nyingi, zile kamera rahisi za Kodak, zinataka saizi ya 620, ambayo haitengenezwi tena, lakini karatasi na filamu yake ni sawa na 120. Kilichotofautiana ni kijiti cha kuzungushia, ambacho ni chembamba zaidi. Ndani ya giza totoro unaweza kuihamishia 120 kwenye kijiti cha 620. Waambie wa maabara wakurudishie kijiti chako, maana hicho ndicho adimu.

Kwa anayetaka kukusanya Leica za zamani kuna tahadhari moja. FED, kamera ya Kisovieti iliyoanza kutengenezwa Kharkiv, Ukraine, mwaka 1934, na Zorki iliyofuata 1948, ziliigwa kutoka Leica, na baadaye watu wakazichonga maandishi ya Leica na kuzipaka rangi ya dhahabu. Maandishi yasikubabaishe. Fungua lenzi uchungulie ndani kwa juu: Leica halisi ina kigurudumu kidogo kinachogusana na lenzi, FED na Zorki zina kipande cha chuma kisichozunguka. Ukishajua ni FED, usiidharau. Ni kamera nzuri ya kupigia.

Kupima shata, yaani kizibo cha ndani kinachofunguka na kujifunga ili mwanga ufike kwenye filamu, ndiko ninakotumia muda mwingi, kwa sababu hapo ndipo ukweli ulipo. Anza na kasi za polepole. Weka sekunde moja, bonyeza, sikiliza. Ikikwama katikati au ikavuta hadi sekunde mbili, grisi ya ndani imekauka. Usiinyunyizie mafuta! Mafuta husambaa hadi kwenye majani ya tundu la lenzi, vile vibamba vinavyopanua au kubana njia ya mwanga, na kuyagandisha. Kinachotakiwa ni fundi aifungue, aisafishe na kuitia mafuta kidogo panapostahili. Kisha fungua mgongo, elekeza kamera kwenye ukuta mweupe wenye mwanga, na ubonyeze kwa kasi ya juu kabisa huku ukitazama kwa nyuma. Unapaswa kuona mstatili mzima ukimulika mara moja. Upande mmoja ukiwa na giza, mapazia mawili ya shata hayaendi pamoja, na picha zako zitakuwa na kivuli upande huo.

Simu nayo inasaidia. Rekodi shata kwa nyuma kwa video ya fremu 240 kwa sekunde: kwa kasi ya 1/30 mwanga uonekane katika fremu kama 8, kwa 1/60 kama 4. Kasi za juu zaidi ya hapo njia hii haizipimi vizuri. Kama shata ni ya kitambaa, ingia chumba chenye giza, ondoa lenzi, mulika tochi kwa mbele, na utafute vitobo vidogo kama nyota. Self-timer ya kamera kuukuu, ile ya kuchelewesha shata ili ujipige mwenyewe, usiiguse kabisa. Nyingi hukwama nusu njia na kuikwamisha kamera nzima.

Tatizo linalofuata ni betri. Kamera nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilitegemea betri ya zebaki ya volti 1.35, iliyopigwa marufuku. Betri ya alkali ya leo ina volti 1.5, na inashuka kadiri inavyotumika, hivyo kipima mwanga cha kamera kama Olympus OM-1 kinakudanganya. Betri za vifaa vya kusaidia kusikia, zenye volti 1.4, ziko karibu zaidi, ila hufa mapema. Pentax Spotmatic haijali, kwa kuwa mzunguko wake wa umeme haubabaishwi na tofauti ya volti. Na kipima mwanga kikifa kabisa, kamera bado nzima: jua likiwa kali weka tundu f/16 na kasi iliyo karibu na ISO ya filamu (namba ya wepesi wake wa kushika mwanga), yaani 1/125 kwa filamu ya 100, au 1/500 kwa ya 400.

Sponji za mgongoni zikigeuka ujiujiu mweusi, zifute kwa spiriti na ubandike mpya. Kazi hiyo naifanya mwenyewe, na ni mahali pazuri pa kujifunzia.

Ukianza kuitumia, heshimu desturi za kila kamera. Zorki na FED: vuta filamu kwanza, ndipo ubadilishe kasi, la sivyo unaweza kuvunja vyuma vya ndani. Kamera isiyo na kioo cha kurudisha taswira, yenye shata ya kitambaa, usiiache ikitazama jua bila kifuniko; lenzi itatoboa kitambaa. Filamu ya kwanza iwe ya majaribio tu: piga kitu cha mbali, cha karibu, kwa tundu lililofunguka kabisa na lililofungwa, na uandike kila fremu.

Ile uliyoamua kuitunza nayo ina kazi zake. Toa betri, kwani ikivuja hula shaba. Itoe kwenye mkoba wake wa ngozi, kwa sababu ngozi hushika unyevu na kulisha fangasi wa lenzi. Mkoba utunze pembeni. Unyevu wa kabati uwe kati ya asilimia 40 na 50. Kila mwezi bonyeza shata katika kasi zote na uzungushe pete za lenzi. Rangi iliyochakaa hadi shaba inachungulia iache hivyo hivyo. Mimi naipenda kuliko rangi mpya, na wakusanyaji wengi wanaithamini hivyo.

Kila kamera yangu ina kikaratasi: aina ya betri, kasi zinazochelewa, lini ilisafishwa, nini kilibadilishwa. Ngozi au skrubu ya awali iliyotolewa naitia kwenye bahasha yenye jina la kamera, na kamera ikienda kwa mtu mwingine, bahasha na kikaratasi vinakwenda nayo.