Kutambua pumu kwa mtoto na kukamata kinachoichochea

Mimi ni muuguzi, Tanga. Mwanawe jirani yangu, wa miaka 7, alikwishapewa antibaiotiki mara tatu kwa kikohozi kisichokwisha. Tulivyofuatilia ni hivi.

Hatua ya 1: Sikiliza usiku
Mchana kifua huweza kuwa safi kabisa, ndiyo maana zahanati hawasikii kitu. Angalia kikohozi kikavu kinachomwamsha usiku wa manane au alfajiri, kifua kubana, mluzi anapotoa pumzi, na kukohoa akikimbia au akicheka sana. Wengine hawana mluzi, ni kikohozi tu. Mrekodi kwa simu, daktari asikie mwenyewe. Kikohozi cha wiki 2 na zaidi, hasa chenye homa au kukonda, kipimwe kifua kikuu pia.

Hatua ya 2: Daftari
Chukua daftari la shule la kawaida. Usitegemee kichwa chako. Kila anapokohoa andika saa, alikuwa wapi, alikuwa akifanya nini, kulinukia nini, ana mafua au hana, na dawa aliyomeza. Aspirini na ibuprofeni huwabana baadhi ya wenye pumu, na propranolol, dawa ya presha, ni hatari kwao.

Hapa ndipo tulipopoteza muda mwingi. Tulikwenda kwa kukisia: tukafua mapazia, tukaanika godoro, tukamkataza maji baridi, tukamtoa paka, yote kwa siku moja. Kikohozi kikapungua siku tatu kisha kikarudi, na hatukujua lipi lilisaidia. Ondoa kitu kimoja, subiri wiki mbili, ndipo uguse kingine.

Tuliposoma daftari upya, usiku mbaya ulikuwa ule wa kuamkia Ijumaa. Kila Alhamisi magharibi bibi yake hufukiza udi na ubani nyumba nzima, na chetezo huishia chumba anacholala mtoto. Nilimwendea bibi kwa shikamoo na daftari mkononi, nikamwonyesha tarehe. Akahamishia chetezo barazani siku hiyohiyo.

Usidhani kichochezi hubana papo hapo. Vumbi la mchana linaweza kumbana usiku. Tena vichochezi husaidiana: moshi anaouvumilia siku zote humwangusha akiwa na mafua. Kwa hiyo usimfute mtuhumiwa kwenye daftari kwa sababu siku moja hakumdhuru.

Hatua ya 3: Moshi mwingine
Kuni, mkaa, sigara, dawa ya mbu ya kuchoma. Pika mbali naye, na mlaze ndani ya neti badala ya kuchoma dawa.

Hatua ya 4: Inhela kwa chupa
Inhela ni kopo dogo la kupulizia dawa ya pumu. Mtoto akipuliziwa mdomoni moja kwa moja, dawa nyingi huishia kooni. Napenda chupa ya plastiki ya nusu lita: toboa kitako kwa umbo la mdomo wa inhela, ichomeke, ziba pembeni pasivuje. Watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa iliyozibwa vizuri hufanya kazi sawa na kifaa cha kununua. Tikisa inhela, bonyeza mara moja, avute na kutoa pumzi 5 au 6 taratibu mdomoni mwa chupa, ndipo ubonyeze tena. Akihitaji salbutamol, dawa ya inhela ya kufungua kifua haraka, zaidi ya mara 2 kwa wiki, mwambie daktari: anahitaji dawa ya kuvuta ya kila siku, ya kutuliza uvimbe kifuani.

Hatua ya 5: Usisubiri kuche
Hawezi kumaliza sentensi au kunywa, nyama za katikati ya mbavu zinaingia ndani, midomo inageuka bluu: hospitali sasa hivi. Mkalishe wima, usimlaze, endelea na salbutamol njiani. Na mluzi ukinyamaza ghafla huku bado anahangaika, hiyo si nafuu. Hewa haipiti tena, kimbia naye.