Namna ya Kupangilia Mikufu, Bangili na Pete Nyingi kwa Wakati Mmoja

Kabla hujaongeza mkufu wa pili shingoni, amua kwanza ni pambo lipi litakaloongoza. Liwe lile linalokutambulisha: pete uliyoachiwa na bibi, kidani cha tanzanaiti ulichozawadiwa siku ya kuagwa, au bangili ya shanga uliyojichagulia katika Soko la Wamasai hapa Arusha. Mengine yote yalifuate hilo kwa unene, urefu na rangi, na yanayoshindana nalo yasubiri siku nyingine.

Shingoni, mikufu mitatu inawatosha wengi. Wa kwanza uwe na urefu wa sentimita 40 hivi, wa pili 45 au 50, na wa tatu 60, huo mrefu ukibeba kidani kizito zaidi, kwa kuwa uzito wake huuvuta chini na kuuzuia usipande juu ya wenzake. Mikufu ya unene mmoja husokotana upesi, hivyo changanya mwembamba na wenye pingili kubwa. Ukivaa kitenge chenye maua makubwa, bakiza mkufu mmoja tu na uhamishie mapambo mkononi. Katika baridi ya Juni na Julai, sweta ya shingo ndefu huufunika mkufu mfupi, kwa hiyo uache nyumbani na uvae mrefu juu ya sweta.

Tanzanaiti inahitaji uangalifu wa pekee, nasi wa ukanda huu hatuna udhuru wa kutoielewa, maana inachimbwa Mererani, wilayani Simanjiro, si mbali na Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, tangu ilipogunduliwa mwaka 1967. Ugumu wake ni kati ya 6 na 7 katika kipimo cha Mohs, ilhali rubi ina 9 na almasi 10. Tena hupasuka kirahisi ikigongwa vibaya. Kwa sababu hiyo, pete ya tanzanaiti isipangwe kwenye kidole kimoja na pete ya almasi, kwani zikisuguana kutwa nzima ni tanzanaiti itakayokwaruzika. Mimi ningeshauri ivaliwe kama kidani au hereni, mahali isipogonga meza wala usukani. Igeuze polepole penye mwanga wa dirisha uone inavyohama kutoka bluu hadi zambarau. Uzuri huo huonekana vyema zaidi ikizungukwa na fedha au dhahabu nyeupe isiyo na nakshi nyingi, na humezwa kabisa ikiwekwa katikati ya shanga za bluu iliyokolea.

Shanga zenyewe zipewe mkono wake. Nyingi ni za kioo, na zikisugua bangili iliyochovywa dhahabu huondoa rangi ya juu hadi chuma cha ndani kionekane. Vaa bangili tatu au nne za shanga mkono mmoja, zikirudia rangi mbili au tatu tu, na uache saa na dhahabu mkono wa pili. Kabla ya kununua, pitisha kidole ndani ya bangili taratibu: ukihisi ncha ya waya, mwombe mama anayeuza aikunje hapo hapo, la sivyo itavuta nyuzi za sweta na kunasa mikufu yako. Muulize pia maana ya pambo, kwa sababu katika mila za Kimasai yapo mapambo yanayoeleza rika au hali ya ndoa ya anayeyavaa, na ni heshima kujua unachovaa kabla hujakichanganya na vingine.

Ukishavaa yote, inama, geuza shingo na unyanyue mikono. Pambo linalonasa nguo livuliwe, na bangili zinazogongana kwa kelele zipunguzwe ikiwa unakwenda ibadani au kikaoni.

Mafuta na manukato yatangulie, mapambo yafuate yakishakauka. Jioni, usifute tanzanaiti kwa kitambaa kikavu, kwani vumbi la barabarani huweza kuwa na chembe ngumu za kuikwaruza. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kisha uikaushe. Shanga zilizotungwa kwa uzi zisilowekwe. Kila mkufu ufungwe kishikizo chake ndipo uwekwe katika mfuko wake wa kitambaa.