Lubumbashi hadi Kinshasa kwa Ndege ya Ndani: Panga Siku Kabla ya Kutafuta Nauli

Kati ya Lubumbashi na Kinshasa kuna zaidi ya kilomita 1,500 za angani, na kwa barabara ni safari ambayo hata wenyeji hawaitamani. Ndege huchukua saa mbili na ushei. Ndiyo maana mwanadiaspora aliyekuja kwa harusi, kwa matanga au kukagua kiwanja chake hujikuta, atake asitake, ndani ya ndege ya humu nchini: CAA (Compagnie Africaine d'Aviation), au Air Congo, iliyoanza kuruka Desemba 2024 kwa ubia wa serikali na Ethiopian Airlines.

Lakini kama shughuli yako yote iko Lubumbashi, Kinshasa ya nini? Ethiopian inatua Luano, uwanja wa Lubumbashi, kutoka Addis Ababa, Kenya Airways kutoka Nairobi. Wengine hushukia Ndola, Zambia, wakavuka Kasumbalesa. Mpaka ule unachosha, sikatai, ila ukishauvuka umebakiza kama kilomita 90 tu. Anayenunua tiketi ya Brussels–Kinshasa kwa sababu ni rahisi, kisha akaongeza ya ndani, mara nyingi kile alichookoa hukiacha hotelini Kinshasa.

Ukilazimika kuunganisha, weka usiku mzima katikati. Tiketi ya ndani na ya Ulaya zikinunuliwa mbali mbali, hazijuani: ya kwanza ikichelewa, ya pili inaondoka na hakuna anayekuomba samahani. Kwa ndege ya Jumamosi kwenda Ulaya, mimi ningetoka Lubumbashi Alhamisi; Ijumaa asubuhi ikinibidi sana. Na nasema asubuhi makusudi. Ndege ile ile moja huzunguka miji kadhaa kwa siku, kwa hiyo kuchelewa kule Mbuji-Mayi saa nne asubuhi kunakuja kukuangukia wewe jioni. Msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili huku kwetu, dhoruba za alasiri huongeza lake.

Halafu kuna saa. Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, ndani ya nchi moja. Tiketi huandika saa ya kila mji, lakini shemeji anayekupigia simu kutoka Kinshasa haandiki kitu, anasema tu. Muulize: “Saa ya kwenu ao ya huku?”

Tiketi yenyewe mara nyingi hukatwa na ndugu aliyeko mjini, kwenye ajensi, kwa fedha taslimu au kwa pesa ya simu. Hapo ndipo majina huleta kasheshe. Mkongomani ana jina, prénom (jina la kwanza) na postnom (jina la ziada la asili), hilo la mwisho likiwa urithi wa siasa ya Mobutu ya mwaka 1972, na pasipoti ya Ulaya huenda imeyapanga kivingine au imeacha moja. Dada yako akiandikisha jina mnalokuita nyumbani, tiketi na pasipoti hazitafanana, na kaunta ya kukaguliwa si mahali pa kueleza ukoo. Mtumie picha ya ukurasa wa pasipoti, mwambie anakili herufi kwa herufi. Namba ya simu atakayoacha iwe ya hapa hapa nchini, inayopokewa. Saa ikibadilishwa, habari hufika kwa namba hiyo, siyo kwa ile yako ya Toronto.

Mkongomani aliyechukua uraia mwingine ajue pia kwamba Katiba ya 2006, ibara ya 10, haikubali uraia wa nchi mbili. Ukiwa na pasipoti ya Ubelgiji, wewe kwa sheria ni mgeni, na DGM, idara ya uhamiaji, hukagua pasipoti na viza hata kwa safari za ndani. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe karibu na mkono.

Dola zinapokelewa kila mahali, lakini siyo dola yoyote. Mtu wa kaunta atainyanyua noti kwenye mwanga, apitishe kidole gumba kwenye kingo zote nne, na akikuta mchaniko wa ukubwa wa punje ya mchele anakurudishia: “Mama, hii imepasuka, haipite.” Noti za dola moja usijisumbue nazo. Weka nyingine safi pembeni kwa ajili ya Go-Pass, ada ya viwanja vya ndege iliyoanza mwaka 2009, ambayo huenda haimo kwenye bei ya tiketi. Uliza bei ya sasa siku moja kabla, na kile kikaratasi kitunze.

Watu wa “protocole”, wanaojitolea kukupitisha kwenye kaunta kwa malipo, watakuzunguka ukishuka kwenye teksi. Wengine wanasaidia kweli. Elewaneni bei kwanza, na pasipoti usiiachie. Simu nayo iache mfukoni. Kupiga picha uwanjani kunaleta maswali marefu.

Mizigo: masanduku mawili ya kilo 23 uliyotoka nayo ng’ambo hayatambuliki na ndege ya ndani. Kilo za ziada zinalipiwa, kwa hiyo pima vinkubala (viwavi wa kuliwa) na samaki wakavu nyumbani kabla mama hajafunga boksi la pili. Dawa na karatasi za kiwanja zisiingie kwenye sanduku, kwani sanduku lina uhuru wa kufuata na ndege ya kesho.

Bima nayo. Tangu 2006 mashirika ya Kongo yamo kwenye orodha ya yale yasiyoruhusiwa kuruka Ulaya, na bima nyingine hukataa kulipa ukipanda shirika la orodha hiyo. Waandikie kabla ya kusafiri, wakujibu kwa maandishi.

Wa Goma na Bukavu, hesabu yenu ni nyingine: uwanja wa Goma ulifungwa Januari 2025 vita ilipoingia mjini, na Kavumu, uwanja wa Bukavu, mwezi uliofuata. Asikuuzie mtu tiketi ya huko kabla hujazungumza na ndugu walioko pale pale.