Mgonjwa mwenye ICD amerudi Kigoma: namna ya kukadiria hatari ya mdundo mbaya wa moyo

Mgonjwa aliyewekewa ICD, kifaa kinachoushtua moyo kwa umeme mdundo ukiharibika, Dar es Salaam anarudi Kigoma na kifaa chini ya ngozi ya kifua, kwa kawaida upande wa kushoto, na kadi mfukoni. Mashine ya kusomea kumbukumbu za kifaa hicho inabaki huko alikotoka, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Atakayemwona akizidiwa ni wewe uliyeko Kasulu, Uvinza, Kibondo au hapa mjini, na ndugu zake watakuuliza kama moyo utamsumbua tena.

Swali hilo unaweza kulijibu kwa sehemu kubwa hata bila ile mashine. Hatari ya mgonjwa huyu ina tabaka mbili. Tabaka la chini ni ugonjwa wenyewe wa moyo, na hilo halibadiliki kwa wiki moja. La juu linapanda ndani ya siku chache kwa sababu zinazoonekana kliniki: dawa zilizokatika, potasiamu iliyoshuka, homa, dawa mpya aliyoandikiwa. Nawaandikia wenzangu mwongozo huu kwa sababu tabaka hili la juu ndilo tunaloweza kulishusha tukiwa hapa hapa.

Hatua ya 1: Soma kadi

Hakikisha kwanza ni ICD. Mitaani kila kifaa huitwa betri ya moyo, lakini pacemaker ya kawaida husukuma mapigo yaliyozembea tu. ICD hufanya hivyo na pia hushtua moyo ukianza kwenda mbio za hatari kutoka vyumba vya chini.

Kisha tafuta kwa nini aliwekewa. Aliyewahi kuzimia kwa mdundo huo, au aliyerudishwa uhai baada ya moyo kusimama, yuko juu kwa hatari kuliko aliyewekewa kwa kinga. Wa kinga huwa na moyo dhaifu: kwenye ECHO (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), sehemu ya damu iliyomo chumbani inayosukumwa nje kwa kila pigo, yaani EF, ni asilimia 35 au chini. Kizingiti hicho kilitokana na tafiti kama MADIT-II ya 2002, iliyochukua watu waliowahi kupata shambulio la moyo wenye EF ya asilimia 30 au chini, na SCD-HeFT ya 2005, iliyofika asilimia 35.

Kadi au barua ya rufaa ikionyesha kasi ambayo kifaa huanza kuchukua hatua, iandike kwenye faili kwa wino mwekundu. Tangu utafiti wa MADIT-RIT wa 2012, vifaa vingi hupangwa visubiri kasi kubwa, kama mapigo 200 kwa dakika, au vichelewe kidogo, kwa sababu mishtuko isiyo ya lazima inaumiza. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kuwa na mdundo mbaya wa mapigo 160 kwa saa nzima na kifaa kikakaa kimya, hasa akiwa anatumia amiodaroni, dawa inayopunguza kasi ya mdundo huo. Akisema hajashtuliwa, bado mshike mkono uhesabu mapigo.

Hatua ya 2: Kadiria tabaka la chini

Kuna kipimo cha alama kinachoitwa MADIT-ICD Benefit Score, kilichochapishwa 2021. Upande wa mdundo hatari kinaangalia mambo manane: kuwa mwanaume, umri chini ya miaka 75, kuwahi kuwa na mbio fupi za vyumba vya chini zilizojizima zenyewe, mapigo zaidi ya 75 akiwa ametulia, namba ya juu ya presha (sistoli) iliyo chini ya 140, EF ya asilimia 25 au chini, kuwahi kupata shambulio la moyo, na mdundo usio sawa wa vyumba vya juu.

Umri mdogo kuongeza hatari kunashangaza wengi. Sababu ni kwamba mzee mwenye kisukari na moyo uliochoka mara nyingi hufa kwa jambo jingine kabla mdundo haujapata nafasi. Ndiyo maana kipimo hiki kina upande wa pili, unaokadiria kifo kisichotokana na mdundo.

Kitumie kwa kuwapanga wagonjwa, nani wa kuonwa kila mwezi na nani anaweza kungoja. Asilimia zake usizipeleke kwa familia. Zilitokana na wagonjwa wa majaribio ambao wengi walikuwa Marekani na Ulaya, wenye mishipa ya moyo iliyoziba. Hapa kwetu wengi moyo wao umechoshwa na presha ya muda mrefu, na wapo akina mama ambao moyo wao ulitanuka karibu na kujifungua. Karibu wote wako chini ya miaka 75, kwa hiyo alama hiyo haikutofautishii mtu na mwenzake. Mimi natazama zaidi EF, mapigo akiwa ametulia, na historia ya kuzimia.

Hatua ya 3: Tafuta kilichobadilika

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Muulize mgonjwa na aliyemsindikiza, maana mke au binti mara nyingi anajua zaidi.

Anza na dawa. Mwambie azimwage mezani, uhesabu vidonge. Dawa za kupunguza kasi ya moyo (beta-blocker), yaani karvediloli, bisoprololi au metoprololi, zikikatwa ghafla, moyo unabaki wazi mbele ya adrenalini. Sababu ya kukatika huwa ya kawaida kabisa: zimeisha, duka la dawa la karibu halina, au alijisikia nafuu. Usimkaripie, atakuficha safari ijayo.

Pili, potasiamu. Anayetumia Lasix, dawa ya kutoa maji mwilini, akapata kuhara au kutapika kwa siku mbili, tayari yuko hatarini. Lengo kwa mgonjwa huyu ni kati ya mmol 4.0 na 5.0 kwa lita. Chini ya 3.5 usimruhusu aende nyumbani. Anayetumia spironolaktoni, dawa ya maji inayobakiza potasiamu, na figo zake zina shida anaweza kupanda upande wa pili, kwa hiyo usimpe potasiamu kwa kubahatisha. Vitendanishi vikiwa vimeisha maabara, ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, itakusaidia: wimbi la T lililolala na wimbi dogo la U linalofuata vinaashiria potasiamu imeshuka.

Tatu, malaria, ambayo katika mkoa wetu hakuna kliniki inayoikwepa. Homa inapandisha mapigo, kutapika kunashusha potasiamu, na baadhi ya dawa zinarefusha kipindi cha QT, yaani muda kwenye ECG ambao vyumba vya chini hutumia kusisimka na kutulia tena. Mseto wa ALu (artemetha na lumefantrini) unakirefusha kidogo; mpe, malaria isiyotibiwa ni mbaya zaidi, ila pima ECG kama anatumia pia amiodaroni. Kwinini ndiyo ya kuogopa. Malaria kali itibu kwa artesuneti ya sindano, ambayo hata hivyo ndiyo chaguo la kwanza la Shirika la Afya Duniani.

Nne, dawa nyingine alizopewa karibuni. Erithromaisini, azithromaisini, levofloksasini, flukonazoli na haloperidoli zote zinarefusha QT. Moja tu inaweza kupita salama, lakini mbili pamoja juu ya potasiamu iliyoshuka ndiyo njia ya mkato ya kwenda kwenye mdundo hatari wa kujisokota (torsades de pointes). Uliza pia kuhusu miti shamba, kwa heshima ile ile unayoulizia vidonge.

Tano, maji mwilini. Uzito uliopanda kilo mbili ndani ya siku tatu, miguu iliyovimba, kulala kwa mito mitatu. Moyo uliojaa maji unatanuka, na uliotanuka hukosea mdundo kirahisi.

Aliyetumia amiodaroni kwa miezi mingi apimwe pia tezi ya shingo. Ikifanya kazi kupita kiasi, mapigo na mishtuko vinarudi bila sababu nyingine kuonekana.

Hatua ya 4: Pima QT kwa mkono wako

Usitegemee namba iliyochapwa na mashine. Pima QT kwenye mchoro, kisha irekebishe kwa kasi ya mapigo. Tuseme QT ni milisekunde 420 na umbali kati ya pigo na pigo ni sekunde 0.64, yaani mapigo kama 94. Kwa kanuni ya Bazett unagawa 420 kwa kipeuo cha pili cha 0.64, ambacho ni 0.8: unapata 525. Kwa kanuni ya Fridericia unagawa kwa kipeuo cha tatu, karibu 0.86: unapata takriban 487. Bazett hutia chumvi mapigo yakiwa ya haraka, kwa hiyo mapigo yakipita 90 mimi nafuata Fridericia. Ikivuka 500, simamisha dawa zinazorefusha QT na umlaze.

Kama kifaa ndicho kinachosukuma vyumba vya chini, QRS (alama ya vyumba vya chini kusisimka) inakuwa pana na QT inarefuka kwa sababu hiyo tu. Hapo linganisha na ECG yake ya zamani.

Hatua ya 5: Chambua mshtuko

Mshtuko mmoja, na mgonjwa sasa yuko sawa: aonwe siku hiyo au kesho yake. Mshtuko mmoja ukiambatana na kuzimia, maumivu ya kifua au kukosa pumzi, au miwili na zaidi ndani ya saa 24: ni dharura. Vipindi vitatu au zaidi vya mdundo hatari ndani ya saa 24, vilivyoachana, vinaitwa dhoruba ya umeme wa moyo.

Si kila mshtuko ni wa haki. Mapigo ya haraka yasiyo na mpangilio yanaelekeza kwenye vyumba vya juu kukidanganya kifaa. Mishtuko inayokuja anapoinua mkono kulima au kuvuta nyavu, bila kizunguzungu kabla, inakufanya ufikirie waya uliokatika. Hapo sumaku juu ya kifaa husimamisha ushtuaji, lakini mgonjwa awe kwenye monita na difibrileta ya nje iwe tayari, pedi zake zikae angalau sentimita 8 kutoka kwenye kifaa.

Hatua ya 6: Amua

Hatari ya leo: mishtuko ya dharura ya Hatua ya 5, dhoruba, kuzimia, QT iliyovuka 500, potasiamu chini ya 3.5, au mapigo ya haraka yenye QRS pana. Mlaze, rekebisha potasiamu, mtulize kwa dawa ya usingizi, na pigia bingwa. Mdundo ukiwa wa kujisokota wenye QT ndefu, mpe gramu 2 za magnesiamu salfeti kwenye mshipa, ile ile ya kifafa cha mimba iliyoko wodi ya wazazi, na usimpe amiodaroni. Ukiwa ni wa mbio za vyumba vya chini usio wa kujisokota, mpe amiodaroni miligramu 150 kwa dakika kumi, huku ukiangalia presha.

Hatari ya wiki hizi: dawa zilikatika, uzito umepanda, homa imeanza. Rekebisha, umwone tena baada ya siku tatu hadi saba. Kama ni mvuvi wa dagaa, asiingie ziwani usiku hadi atulie. Sekunde chache za kuzimia pembeni ya mtumbwi zinatosha kumzamisha kabla kifaa hakijamaliza kazi. Dereva wa bodaboda naye aweke pikipiki pembeni.

Asiye na lolote kati ya hayo arudi kwa tarehe yake, na vidonge vya kutosha hadi siku hiyo.

Unapompigia bingwa wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete au wa hospitali nyingine ya rufaa, uwe na haya kwenye karatasi: aina ya kifaa na mwezi kilipowekwa, kasi kilichopangiwa, EF ya mwisho, idadi na saa za mishtuko na alichokuwa akifanya, presha, mapigo, QT uliyoipima na kanuni uliyotumia, potasiamu na kreatinini (kipimo cha figo), dawa zote pamoja na zile za duka la mtaani. Picha ya ECG itume kabla hujapiga.