Biblia juu ya shati

Kwa miaka mingi nilingoja muda upatikane ndipo nikae na Mungu. Haukupatikana. Nina watoto wawili, kazi ya zamu na usingizi mzito, kwa hiyo Mungu alikuwa anapata mabaki ya usiku. Mara nyingi "Baba yetu" ilinipitia usingizini kabla sijafika kwenye "mkate wetu".

Kilichonisaidia ni kuiegemeza sala kwenye jambo ninalolifanya kila siku, nitake nisitake. Kwangu ni kuvaa. Usiku naweka shati la kesho kwenye kiti, na juu yake Biblia, imefunguliwa pale nilipoishia. Asubuhi siwezi kuvaa bila kuinyanyua, na nikishainyanyua nasoma hapo hapo, nimesimama na vesti. Simu inalala sebuleni. Hilo la simu usilifanyie mzaha: ukianza na simu, Biblia itakungoja mpaka jioni.

Anza na Zaburi. Ziko 150, moja kwa siku, miezi mitano umemaliza. Ya 117 ina mistari miwili tu, ishike kwa moyo. Ya 119 ina mistari 176, usijitie ushujaa. Imegawanywa mafungu 22 ya mistari minane minane. Soma fungu moja moja, hata kama itakuongezea wiki tatu.

Mchana ni mgumu zaidi. Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku, na alikuwa mtu wa cheo serikalini, si mtu wa kukaa bure. Mimi sijafika huko. Namwiga Nehemia: mfalme alimuuliza anataka nini, naye akamwomba Mungu papo hapo, kisha akajibu. Yangu naisema mkono ukiwa kwenye kitasa cha mlango wa bosi: "Bwana, nilindie ulimi." Basi, naingia.

Zamu ya usiku ikifika, asubuhi yangu inakuwa saa kumi jioni. Shati ni lile lile, na Biblia iko pale pale.

Ukikosa siku moja, usilipe deni. Niliwahi kulipa, zikarundikana zaburi saba, nikakata tamaa, nikaacha mwezi mzima. Soma ya leo tu.

Juzi mwanangu mdogo aliichukua Biblia akaificha chini ya mto. Nikavaa, nikatoka. Nilikuja kukumbuka nikiwa ndani ya basi, nimebanwa mlangoni. Nikaisema ya 117 kimoyomoyo, na nikapitiliza kituo.