Kupiga kafi usiku kucha: jinsi ya kuulinda mwili katika kilomita 201

Kila Pasaka inapokaribia napokea simu zinazofanana. "Kaka, mazoezi nimefanya, mabega yako vizuri, pumzi ipo. Kuna nini kingine?" Kwa vile jibu langu limekuwa refu, nimeona niliandike mara moja.

Wanaopiga simu ni Waswahili wenzangu tunaoishi Uingereza, na wanachoulizia ni mashindano ya Devizes hadi Westminster. Ni maili 125, karibu kilomita 201, kwa kayaki, ule mtumbwi mwepesi na mwembamba. Unaingia majini katika mji mdogo wa Devizes, unafuata mfereji wa Kennet na Avon hadi Reading, kisha unaingia mto Thames na kwenda nao hadi London, kwenye daraja la Westminster. Njiani kuna vizuizi 77, vingi vikiwa ile milango inayopandisha na kushusha maji ya mfereji. Hapo hupiti ukiwa umekaa. Unashuka, unabeba kayaki begani, unakimbia nayo ukingoni, unaingia tena. Habari yenyewe ilianza mwaka 1948, vijana wa skauti wa Devizes walipotaka kufika Westminster chini ya saa 100. Rekodi iliyowekwa mwaka 1979 ni saa 15 na dakika 34. Sisi wa kawaida tunaopiga moja kwa moja bila kulala, watu wawili katika kayaki moja, saa 24 ni kazi nzuri.

Nimeshiriki mara tatu. Ya kwanza niliishia Reading, mbili zilizofuata nilifika. Miaka mingine nimesimama ukingoni kama msaidizi, nalisha watu uji usiku wa manane. Niliowaona wakitolewa majini, karibu wote mabega yao yalikuwa mazima. Waliangushwa na kigasha (sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo), tumbo, baridi na usingizi. Kila kimoja katika hivyo hutoa taarifa mapema, kwa sauti ndogo, na hatua zote zilizo hapa chini ni za kuisikia sauti hiyo ikiwa bado ndogo.

Hatua ya 1: Jifunze kulegeza mkono, na anza miezi mitatu kabla

Hesabu mwenyewe. Mpigaji wa kawaida anapiga kafi mara 65 hivi kwa dakika, yaani karibu mara 3,900 kwa saa. Ukitoa muda wa kubeba kayaki, zikabaki saa 20 za kukaa majini, unapata mapigo 78,000. Kila pigo linavuta zile kano za kigasha zinazoinua kiganja. Kano ni kamba inayounganisha msuli na mfupa, nayo hupita ndani ya ala, kama kisu kwenye ala yake, ikilainishwa na ute. Ukishika mpini kwa nguvu huku umekunja kifundo cha mkono kwenda nyuma, kano inasugua ala pasipo kupumzika. Ala inavimba, nafasi inapungua, msuguano unaongezeka.

Dalili yake ukishaijua huwezi kuisahau. Mwaka wangu wa kwanza, kabla ya kufika Newbury, mji ulio kwenye mfereji kabla ya Reading, nilihisi joto kwenye kigasha cha kulia. Sikujali. Saa mbili baadaye niliweka vidole vya kushoto juu ya kigasha hicho, upana wa vidole vitatu juu ya kifundo, upande wa dole gumba, nikakunja na kukunjua kiganja. Chini ya ngozi kulikuwa na mkwaruzo. Chukua mfuko wa unga wa muhogo uufinye: ule mlio mkavu unaousikia kwa vidole zaidi ya masikio, ndio huo. Nilipofika Reading sikuweza kufungua kifuniko cha chupa ya maji.

Marehemu mjomba wangu alikuwa mvuvi wa Pangani. Upepo ukifa alikuwa anarudisha ngalawa kwa kafi, na mimi mtoto nilikuwa nikitazama mikono yake. Mkono wa juu ulikuwa haulishiki kafi kabisa. Vidole vilikuwa wazi, kiganja kinasukuma tu. Nilikuja kuelewa maana yake miaka ishirini baadaye, kwenye mfereji wenye baridi, nikiwa nimeng'ang'ania mpini kama mtu anayezama.

Kwa hiyo fanya hivi. Katika mazoezi, kila dakika kumi, chezesha vidole vya mkono unaosukuma. Kama haviwezi kucheza, umeshika kwa nguvu mno. Makafi ya kayaki yana ubapa kila upande, na wengi huzungusha bapa moja lipishane na jingine ili lipasue upepo. Kadiri pembe ya kupishana inavyokuwa kubwa, ndivyo kifundo kinavyojikunja kila pigo. Punguza pembe hiyo. Mimi nilishuka kutoka digrii 75 hadi 45, nikaongeza na kafi lenye ubapa mdogo. Kasi ilipungua kidogo, kigasha kikapona.

Joto likianza siku yenyewe, usingoje mkwaruzo. Funga kifundo kwa plasta pana ili kisikunjike, punguza nguvu kwa nusu saa, chovya mkono kwenye maji baridi kila unaposhuka kubeba kayaki. Mkwaruzo ukishaanza na mkono ukashindwa kushika kikombe, safari imekwisha. Wala usikubali kuchuliwa. Najua kwetu maumivu yoyote dawa yake ni mafuta ya nazi na mkono mzito, lakini kano iliyovimba ndani ya ala ukiisugua unaiongezea kilekile kilichoiumiza.

Hatua ya 2: Ngozi na makalio

Plasta za vidole zibandike nyumbani, mkono ukiwa mkavu. Juu ya lengelenge lililolowa hazishiki. Paka mafuta ya mgando makwapani na kila mahali jaketi la kujiokolea linapogusa ngozi.

Makalio yanahitaji maneno zaidi, kwa sababu watu huona aibu kuyasema. Kukaa saa nyingi kwenye kiti kigumu kunabana mishipa ya fahamu inayoshuka miguuni. Miguu inakufa ganzi, nawe hujui mpaka unaposhuka kwenye kizuizi na kukuta umekanyaga hewa. Nimeona watu wakianguka na kayaki yao kwenye zege kwa sababu hiyo tu. Weka sponji nyembamba chini ya mapaja, sukuma miguu kwa zamu unapopiga, na ukishuka simama, hesabu hadi tatu, ndipo uinue.

Kumbuka pia kwamba mfereji una panya, na mkojo wa panya unabeba vimelea vya leptospirosisi. Watanzania wataukumbuka ugonjwa huu kwa jina la homa ya mgunda, ule uliozuka Lindi mwaka 2022. Unaingia kupitia mchubuko, na wewe utakuwa na michubuko ya kutosha. Funika vidonda, na usile kwa vidole vilivyolowa maji ya mfereji.

Hatua ya 3: Kula kabla tumbo halijakataa

Mwili una akiba ya wanga ya gramu 400 hadi 500 hivi, kwenye misuli na ini. Kwa kazi hii akiba hiyo inaisha ndani ya saa chache, na ikiisha, kayaki inakuwa nzito kama imejaa mchanga. Lenga gramu 40 hadi 60 za wanga kila saa, tangu saa ya kwanza, ukiwa bado huna njaa. Tende sita ndogo zina karibu gramu 30. Ndizi moja, kama 25.

Tatizo ni kwamba damu imekimbilia misuli, tumbo limekunjwa kwa kukaa, na vitu vitamu vikizidi vinaanza kukuchefua. Kwangu inatokea kati ya saa ya tisa na ya kumi. Hapo badilisha: viazi vya kuchemsha vyenye chumvi, mchuzi wa kuku kwenye kikombe, uji mwepesi wa mchele wenye chumvi badala ya sukari. Uji umewarudisha watu wengi niliodhani wamekwisha. Unashuka bila kutafunwa, una joto, na msaidizi anaweza kukunywesha ukiwa umeshika kayaki. Vyakula hivyo vijaribu kwanza kwenye mazoezi ya usiku.

Hatua ya 4: Maji, chumvi na vidonge

Kunywa kwa kufuata kiu. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu wengi wameambiwa wanywe, wanywe, wanywe. Ukinywa maji matupu mengi kuliko unayotoa, sodiamu (ile ya kwenye chumvi) kwenye damu inazimuliwa, maji yanahamia kwenye seli, na ubongo uliomo ndani ya fuvu hauna pa kuvimbia. Dalili zake ni kichwa kuuma, kutapika, kuchanganyikiwa. Vidole navyo vinaweza kuvimba, kwa hiyo pete iache nyumbani. Mtu mwenye dalili hizi ambaye amekuwa akinywa sana asiongezewe maji. Anahitaji daktari.

Dawa za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki usibebe kabisa. Zinapunguza damu inayofika kwenye figo, na figo zako usiku huo zitakuwa zinachuja mabaki ya misuli iliyochanika. Ukihitaji kidonge cha maumivu, parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa, na mweleze msaidizi wako saa uliyomeza.

Hatua ya 5: Baridi

Baada ya Reading mto unapanuka na usiku umeingia. Umetoka jasho kwa kukimbia na kayaki, umelowa hadi kiunoni, sasa unakaa kwenye upepo. Joto la mwili linashuka polepole kiasi kwamba anayeshuka hajijui. Atakayegundua ni mwenzake. Msikilize: ulimi unakuwa mzito, anajibu neno moja moja, anajikwaa, hawezi kufunga zipu. Mwambie aguse kidole kidogo kwa dole gumba la mkono uleule. Akishindwa, mnatoka majini.

Kutetemeka bado ni afadhali, maana mwili unapigana. Mtu aliyekuwa anatetemeka akaacha bila kupashwa joto, akawa mtulivu na mwenye usingizi, huyo yuko hatarini. Ita gari la wagonjwa. Mvue nguo mbichi, mfunge kwenye blanketi kavu pamoja na kichwa, mlaze. Kama yuko macho na anaweza kumeza, mpe chai tamu ya vuguvugu. Usimsugue miguu na mikono, usimtembeze, usimtie kwenye maji ya moto.

Kinga yake ni ya kawaida kabisa: fulana kavu ya sufu mnapofika Reading, kofia, na chupa ya chai kwa msaidizi kila kituo. Fulana kavu inachukua dakika nne. Wanaokataa kuzitoa dakika hizo ndio ninaokutana nao baadaye wakiwa kwenye blanketi.

Hatua ya 6: Saa 9 hadi saa 11 usiku

Huu ndio wakati ambao joto la mwili na uangalifu viko chini kabisa hata kwa mtu aliyelala kitandani kwake. Jirani na Marlow, mji ulio kando ya Thames baada ya Reading, mwaka wangu wa pili, niliona wanawake wamejipanga ukingoni na ndoo zao, wamejifunga khanga, wanangoja kuchota maji. Niliona hata pindo za khanga zikigusa mto. Nikamwambia mwenzangu tupunguze mwendo tusije tukawamwagia maji. Naye alikuwa akipeleka kayaki upande uleule, kwa sababu yeye alikuwa ameona duka limefunguliwa. Ilikuwa miti, matawi yameinamia maji.

Kuona vitu si jambo la kutisha lenyewe. Hatari ni kuvifuata, kwenye mto wenye mabwawa ambayo maji yake yanaporomoka pembeni ya njia. Tangu usiku ule tuna sheria: kila mmoja anataja kwa sauti anachokiona, na hatubadilishi mwelekeo mpaka wote wawili tumekiona. Kahawa nimeikata mchana kutwa na kuitunza hadi saa 8 usiku, ndipo inafanya kazi. Macho yakijifunga yenyewe, lala dakika kumi ukingoni, umefunikwa, msaidizi akishika saa.

Na kabla ya kuondoka nyumbani mkabidhi msaidizi uamuzi wa kukutoa. Mwambie mbele ya mwenzako: ukisema basi, ni basi. Mimi wa saa 10 usiku simwamini kwa lolote.

Hatua ya 7: Teddington, Westminster, na wiki inayofuata

Kuanzia Teddington, kitongoji cha London, mto unafuata bahari. Sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa kupwa na kujaa: ukifika maji yanajaa, unapigana nayo au unangoja ukingoni, na kungoja ukiwa umelowa ni kurudi kwenye hatua ya 5. Ndiyo maana saa ya kuondoka Devizes inahesabiwa kuanzia huku mwisho.

Ukifika, usisimame ghafla ukaganda hapo. Damu inajaa miguuni na watu huzimia kwenye ngazi. Shikwa mkono, tembea taratibu, kisha lala miguu ikiwa juu. Miguu na mikono kuvimba siku mbili tatu ni kawaida. Mkojo wenye rangi ya chai ya rangi si kawaida. Ni misuli inayopita kwenye figo, nenda hospitali siku hiyohiyo. Homa, kichwa na maumivu ya mashavu ya miguu ndani ya mwezi mmoja, mwambie daktari kwamba ulikuwa mferejini, maana bila hilo ataanza kutafuta mafua.

Kigasha kipime kila asubuhi kwa vidole vile vitatu. Unga wa muhogo ukiwa bado unasikika, kafi libaki ukutani hata kama maumivu yamekwisha. Changu kilinyamaza wiki ya tano.