SOMO: namna ya kusoma DIP bila kushika silabusi yote ku kichwa (ba M1, mwaka wa kwanza wa master, ba Lubumbashi, kujeni hapa)

Sesyo ikikaribia wimbo ni ule ule, batu banaanza kutafuta fotokopi za baarete (mahukumu makubwa) ba Ufaransa na kuzikariri kama sala, eti njo DIP hiyo. Hapana bandugu. Sheria binafsi ya kimataifa, ile tunaita DIP, yaani ya kesi za batu zenye kugusa inchi zaidi ya moja, ni kozi ya kufuata maswali mu mpangilio wake. Ukijua swali gani linakuja mbele na gani linafuata, hata kesi hujawahi kuiona unaitoboa. Ukikariri tu, siku profesa anabadilisha jina la mji mu kesi unabaki unaangalia plafo. Mi niliisoma hapa hapa Lubumbashi, sasa niko nasaidia badogo mu TP (mazoezi ya darasa), kwa hiyo naandika vile naona ku meza, si vile vitabu vinapanga.

HATUA YA 1: tafuta matekste ya kwetu kwanza

Mbele ya Bartholo na Forgo (kesi za Ufaransa, ziko ku Hatua ya 4), shika dekre ya tarehe 4/5/1895. Ndiyo, 1895, wakati wa Leopold, na bado njo msingi wetu. Baartikle yenyewe ni kidogo sana, unaiandika kwa mkono ku karatasi moja na nafasi inabaki. Inasema mambo ya maana haya: mgeni mwenye kuwa hapa kwa njia ya halali ana haki zake za kiraia, vitu vinafuata sheria ya pale viko, kontrati inafuata sheria ya pale ilifanyiwa kama wenyewe hawakutaka ingine, kosa la mtu linafuata sheria ya pale lilifanyikia, hali ya mtu na mambo ya familia yake vinafuata sheria ya nasionalite yake. Na mwisho kuko mlango wa kufunga: ordri pibliki, kitu cha kigeni chenye kupinga misingi ya inchi hakipite.

Kisha ongeza Kode ya Familia (1987, ilibadilishwa 2016), sheria ya nasionalite ya tarehe 12/11/2004, sheria ya udongo ya 1973, na ile sheria ya matribinali ya tarehe 11/4/2013. Zote ziko ku Leganet (tovuti ya masheria ya Kongo), bure, usilipe mtu. Ile dekre iandike wewe mwenyewe kwa bic, na pembeni ya kila artikle weka mufano moja wa Kasumbalesa (mpaka wetu na Zambia), juu kila kitu cha DIP kinapita pale: shaba, unga, ndoa, madeni, ajali.

HATUA YA 2: maswali kwa mpangilio, usiruke

Kwanza jiulize kama kuko kitu cha kigeni mu kesi, yaani mtu, kitu, ao tukio lenye kugusa inchi ingine. Kama hakuna, funga dosie, haiko DIP. Kama kuko, swali la pili ni zuzi (jaji): tribinali yetu inaweza kuipokea? Hapo baetidia wengi banakimbilia sheria gani itatumika, na zuzi mwenyewe hajapatikana bado. Swali la tatu njo kalifikasyo, hii kesi ni ya sanduku gani: kontrati, kosa, ndoa, uriti, mali? La nne, ukishaiweka mu sanduku njo dekre inakuonyesha sheria ya wapi. La tano, angalia kama ile sheria ya kigeni haigongane na ordri pibliki, na kama hakuna mwenye alicheza ujanja kuifikia.

Na kama tayari kuko hukumu ya inchi ingine, achana na hayo yote, hiyo ni njia ingine, ya ekzekwatiri (ruhusa ya tribinali yetu ili hukumu ya kigeni itekelezwe hapa), tutaifikia ku maswali.

HATUA YA 3: fanya kesi moja mpaka mwisho

Hapa njo nataka mukae kidogo. Lori ya kampani ya Lubumbashi inatoka na shaba, inapita Kasumbalesa, Chililabombwe, mbele kidogo ya Chingola shofere anagonga Mzambia mwenye alikuwa ku kinga. Mguu umevunjika. Yule Mzambia anajua mali ya kampani iko huku, anaivuta mbele ya tribinali ya Lubumbashi.

Kitu cha kigeni: kiko, tena wazi. Zuzi: kampani iko na makao yake hapa, tribinali inapokea. Kalifikasyo: hakuna kontrati kati ya huyu mtu na kampani, ni kosa lenye limeleta hasara. Sheria: ya pale kosa lilifanyikia, basi ni ya Zambia. Mpaka hapo ni rahisi, lakini angalia kopi za egzame: nusu ya batu banaandika artikle 258 na 260 za Kode yetu ya Sivili, juu njo banazijua tangu zamani, na pointi zinaenda. 258 ni ya Kongo. Zuzi wetu atakaa Lubumbashi, atavaa toga yake ya Lubumbashi, lakini atauliza kama shofere alikosa uangalifu vile sheria ya Zambia inataka, ile yenye asili ya Kiingereza.

Sasa weka chumvi. Tuseme miaka imepita mingi tangu ajali. Kwetu Kode ya Sivili inaachilia miaka 30 mbele haki ikufe, kule Zambia muda ni mfupi sana. Avoka wa Mzambia atasema nini? Atasema muda wa kushitaki ni mambo ya prosedire, na prosedire kila zuzi anafuata ya kwake, kwa hiyo miaka 30. Na hajatunga uongo, mu desturi ya zamani ya Waingereza muda ulikuwa unahesabiwa hivyo kweli. Lakini zuzi wetu anafanya kalifikasyo kwa macho ya sheria yake mwenyewe, na kwetu huo muda unashikamana na deni lenyewe, hauko prosedire. Kwa hiyo ataenda ku sheria ya Zambia hata kwa muda, na mguu wa bure. Inauma, lakini njo jibu, na profesa anapenda sana mwenye kufika mpaka pale.

Jambo lingine lenye banasahau: ile sheria ya Zambia italetwa na nani? Usiandike «zuzi ataitafuta». Mwenye kuitegemea aje nayo. ZambiaLII iko na masheria na mahukumu yao, iko mu Kingereza, ni kuvumilia tu.

HATUA YA 4: baarete, soma kidogo lakini soma hadithi yake

Ufaransa haiko sheria yetu, muandike hiyo kubwa ku ukurasa wa kwanza. Tunazisoma juu zinafundisha namna ya kufikiri. Kwangu zinatosha Bartholo (Alger, 1889) kwa kalifikasyo, Forgo (1878 na 1882) kwa ranvwa (sheria ya kigeni kurudisha kesi kwetu), Bauffremont (1878) kwa ujanja, Rivière (1953) kwa ordri pibliki, Munzer (1964) kwa ekzekwatiri.

Bauffremont huwezi kuisahau ukiisoma mara moja. Mama wa asili ya Ubelgiji, bibi ya prinsi Mfaransa, wameachanishwa kwa kitanda lakini divorsi Ufaransa haikuwa bado (ilirudi 1884). Akaenda Saxe-Altenburg kule Ujerumani, akapata nasionalite, akajiona huru, akaolewa na prinsi Bibesco Berlin mu 1875. Bwana wa kwanza akafungua kesi, tribinali za Ufaransa zikasema hapana, ulibadilisha nasionalite juu tu ya kukimbia sheria yetu, ile ndoa kwetu hatuitambue. Njo frodi ya sheria yote ile.

Hii ya Munzer muwe macho nayo. Inaomba vitu vitano, na sheria yetu ya 2013, artikle 119, nayo inaomba vitano, basi batu banachanganya liste mbili. Ya Munzer inauliza kama zuzi wa kigeni alitumia sheria ile inapashwa. Ya kwetu haiulize hiyo hata kidogo. Mwenye kuandika ya Munzer ku egzame ya Lubumbashi anajitaja mwenyewe kwamba hakufungua tekste.

HATUA YA 5: OHADA haimalize kazi

Tangu tarehe 12/9/2012 OHADA (umoja wa inchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara) iko inatumika kwetu, na koti yake ya juu iko Abidjan. Kuna mwenye anafikiri eti mambo ya biashara hayana tena mgongano wa sheria. Angalia karte: tuko na majirani tisa, mu hao ni Kongo-Brazzaville na Afrika ya Kati tu njo beko ndani. Zambia haiko, Tanzania haiko, Angola haiko. Mufanyabiashara wa Lubumbashi mwenye kununua unga Ndola bado yuko mu dekre ya 1895 kila asubuhi, hata kama hajui.

Kwa kurudilia, mukae batatu ao banne, mmoja awe avoka wa huyu, mwingine wa yule, mwingine zuzi. Basi.

MASWALI YENU

Binti Kamalondo: Yaya, aksanti. Dada yangu alipata divorsi ku Lusaka, hukumu inasema bwana alipe pesa, lakini ile pesa na nyumba viko hapa. Akileta karatasi ku isye (huissier, mwenye kutekeleza mahukumu) itatosha?

Jibu: Hapana mudogo, isye hagusi kitu na hukumu ya Lusaka vile iko. Mupitie tribinali de granda instansi, muombe ekzekwatiri. Zuzi ataangalia hivi: hukumu isipinge ordri pibliki yetu, kule Zambia iwe imemalizika, hakuna tena apeli, kopi ziwe za kweli kufuatana na sheria ya kule, haki ya kujitetea iwe imeheshimiwa, yaani bwana aliitwa na alipata nafasi ya kusema, na tribinali ya kule isiwe ilijipa kesi juu tu ya nasionalite ya mwenye kushitaki. Ile ya nne njo inaangushaga dosie mingi, kwa hiyo mutafute karatasi yenye kuonyesha bwana aliitwa. Na muende na avoka, hapa si mahali pa kumaliza kesi ya dada.

Mwana wa Katuba: Mkubwa, rafiki yangu Mzambia anataka kununua lupango (kiwanja) huku na anasema kontrati itaandikwa «sheria ya Zambia». Inawezekana?

Jibu: Kwa bei na malipo bapatane vile banataka, lakini haki juu ya udongo inafuata sheria ya pale udongo uko, kontrati haiwezi kuihamisha. Na kwetu tangu 1973 udongo ni wa Serikali. Konsesyo (haki ya kutumia huo udongo) ya milele ni kwa mtu mwenye nasionalite ya Kongo tu, mgeni anapata konsesyo ya kawaida, kwa mufano anfiteozi (konsesyo ya muda mrefu) ya miaka 25 yenye kurudiliwa. Najua swali lako la pili: «na kama tunaandika ku jina la shemeji?» Rudia Bauffremont hapo juu. Na siku shemeji anakasirika lupango ni lake.

Mudogo wa Likasi: ranvwa hainiingie kabisa kabisa, nimesoma mara na mara

Jibu: Acha madefinisyo, shika Forgo. Mtoto wa Bavaria mwenye alizaliwa nje ya ndoa, akaishi Ufaransa karibu maisha yote, anakufa Pau mu 1869, hana testamenti, anaacha pesa. Sheria ya Ufaransa ya kupanga kesi inasema: nenda ku Bavaria, kule ndugu ba ukoo banariti. Lakini sheria ya Bavaria nayo ya kupanga kesi inasema: sisi tunafuata pale mtu alikuwa anaishi, rudi Ufaransa. Tribinali ikakubali kurudi, na ku sheria ya Ufaransa ba ukoo ba mtoto wa nje hawapate kitu, pesa ikaenda ku Serikali. Unaona kwa nini Serikali ilipenda ranvwa? Ku egzame usiifungue mu kesi ya kontrati ao ya ajali kama ile ya Chingola, itafute mu hali ya mtu na uriti.

Baba Mzazi wa Kenya (komine ya Lubumbashi): Mimi si etidia, naomba musaada. Kijana wangu alichukua paspoti ya Ubelgiji akiwa mkubwa. Anataka kuoa hapa. Bado ni Mkongomani?

Jibu: Shikamoo baba. Sheria ya 2004 inasema nasionalite ya Kongo ni moja na haigawanywe na ingine, na Mkongomani mwenye kupata ya inchi ingine anapoteza ya kwetu. Kwa hiyo mbele ya ofisye wa eta-sivili yeye ni Mbelgiji: kama anaruhusiwa kuoa, miaka, kama yuko huru, hayo banaangalia ku sheria ya Ubelgiji, na bibi arusi banamuangalia ku Kode ya Familia. Sherehe yenyewe inafuata namna ya hapa. Aje na karatasi ya Ubelgiji yenye kuonyesha hana ndoa ingine, aombe mapema, zinakawiaga. Na mambo ya mali (mahari) na familia ya bibi arusi hayo baba unayajua kutupita.

Binti Kamalondo: Yaya tena moja, ku egzame ya kuandika tunaweza kuingia na dekre?

Jibu: Inategemea profesa, muulize asista mbele ya siku. Lakini kama uliiandika kwa mkono na mifano yako pembeni hautaifungua sana. Ba M1 beko na kesi ya ndoa ao ya uriti muitume, juma ijayo nitashika moja ya uriti wa mtu mwenye nyumba Kitwe na lupango Katuba.